Waraka kwa Bunge la Kenya: Tuambieni Maisha ni Miaka Mingapi

Waheshimiwa Maspika wa Bunge la Kitaifa na Seneti, pamoja na wabunge na maseneta wote,

Nawaandikia juu ya deni ambalo limekaa sana.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji. Katika kesi hiyohiyo majaji waliombwa pia waseme kifungo cha maisha kina miaka mingapi. Walikataa kuvaa joho lenu. Walisema kupanga muda huo ni kazi ya Bunge, wakaagiza hukumu ifikishwe kwa Maspika wote wawili, kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Tume ya Marekebisho ya Sheria ili sheria itungwe. Waliwaita kwa vyeo vyenu, nanyi hamkuitika. Siamini kwamba kilichokosekana ni muda, maana kila mwaka mswada wa fedha hupata muda wake hata kama kikao kitaingia usiku.

Kimya chenu kiliwaacha majaji wa chini wakipapasa. Julai 2023, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi ilisema kifungo kisicho na mwisho kinakiuka Katiba, ikampa mrufani miaka 40. Desemba mwaka uleule, mahakama hiyohiyo ikiwa Kisumu ilisema maisha ni miaka 30. Nchi ni moja na Katiba ni moja, lakini aliyekata rufaa Pwani alipewa miaka kumi zaidi ya aliyekata rufaa kando ya ziwa. Kisha Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi wa Malindi na kukirudisha kifungo cha maisha. Mtu aliyekwisha kuambiwa siku yake ya kutoka akaambiwa haipo tena. Siwalaumu majaji wa Mahakama ya Juu. Mpaka waliuchora mwaka 2017, na hadi leo wanaita tu, ng'ambo haitikii mtu.

Naomba mtazame jinsi jambo hili linavyokwenda ndani ya jela. Chini ya Sheria ya Magereza, mfungwa mwenye kazi na nidhamu nzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Aliyepewa miaka 30 akijitunza hutoka baada ya 20. Mfungwa wa maisha ametengwa na punguzo hilo, na hata asingetengwa, theluthi ya kitu kisicho na kipimo ingehesabiwaje? Kamiti wapo wafungwa waliosoma sheria hadi kupata shahada ya Chuo Kikuu cha London wakiwa kifungoni. Wengine wanajifunza useremala, wengine wanafundisha wenzao kusoma. Askari jela anayewaona kila siku anajua nani amebadilika na nani bado. Kwa mfungwa wa maisha, ujuzi huo hauna siku iliyopangwa na sheria ya kuusikiliza.

Mtasema ipo huruma ya Rais chini ya kifungu cha 133 cha Katiba, na kamati yake ya ushauri. Ni kweli ipo, nami naiheshimu. Ila huruma hiyohiyo ndiyo iliyoongeza wafungwa wa maisha. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwaondolea kitanzi zaidi ya watu 4,000, na mwaka 2016 Rais Kenyatta akawaondolea wengine 2,747. Wote walihamishiwa kifungo cha maisha. Marais waliwapa uhai. Kusema uhai huo utapimwaje ilikuwa zamu yenu. Na huruma ni zawadi: mfungwa anaweza kuiomba, hawezi kuidai, wala haina tarehe.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Kenya iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2005. Kifungu cha 110 cha mkataba huo kinasema aliyefungwa maisha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague lazima hukumu yake ipitiwe upya akishatumikia miaka 25. Huyo ni mtu aliyehukumiwa kwa mauaji ya halaiki au kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kenya imekubali kwamba hata yeye ana siku ya kusikilizwa. Mnyang'anyi aliyehukumiwa Nakuru hana.

Najua pia kwamba wengi waliofungwa maisha walifanya maovu makubwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa kifungo hicho anayemnajisi mtoto wa miaka kumi na mmoja au chini yake, na mzazi wa mtoto huyo hadaiwi msamaha na mtu yeyote. Lakini naye ameburutwa na kimya chenu: leo anaambiwa maisha, kesho 40, keshokutwa maisha tena, na kila badiliko linalifungua jeraha lake upya. Ninachoomba ni tarehe ya mapitio. Mapitio si kufungua lango. Atakayeonekana bado ni hatari atabaki ndani, kwa sababu zilizoandikwa na zinazoweza kukatiwa rufaa.

Msiwasahau wanaozuiliwa kwa hiari ya Rais: watu waliotenda kosa wakiwa wagonjwa wa akili, na waliokosa wakiwa watoto. Majaji wa Mahakama Kuu wamesema zaidi ya mara moja kwamba kuzuiliwa hivyo bila kikomo kunakiuka Katiba. Mgonjwa aliyepona anahitaji daktari na jaji. Sioni kwa nini faili yake ingoje Ikulu.

Basi ombi langu ni hili. Andikeni katika sheria kwamba kila mfungwa wa maisha atasikilizwa na jopo linaloongozwa na jaji akishatumikia miaka isiyozidi 25, na mapema zaidi kwa aliyekosa akiwa mtoto. Akikataliwa, asikilizwe tena baada ya muda uliotajwa. Familia ya aliyedhulumiwa ijulishwe mapema na ipewe nafasi ya kusema. Kama miaka 25 mnaiona michache, tajeni yenu, muitetee bungeni mbele ya wapiga kura. Ninalongoja kutoka kwenu ni mswada wenye nambari, na ndani yake hesabu ya miaka.

Wenu mtiifu,
Mpiga kura wa Pwani