Tulidhani ni Mzungu

Barua ya ajira ndiyo iliyoniponza. Bosi wangu, kwa nia njema kabisa, aliandika kwamba mleta barua hii ni mtaalamu kutoka nje ya nchi na anatafuta nyumba Eldoret. Uongo haukuwamo: nimetoka Tanga. Lakini maajenti hawakufika kwenye neno Tanga. Waliishia kwenye "nje", na nje ya ajenti wa hapa ni Marekani.

Wana sababu zao. Tangu mwaka 1989 madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana wanashirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, na wakimbiaji wa Ulaya hawaishi kupanda Iten kutafuta hewa nyembamba. Mji umeshaonja dola. Basi nikapelekwa moja kwa moja Elgon View, kwenye nyumba ya vyumba vitano, ukuta wenye nyaya za umeme, sebule yenye mahali pa kuotea moto, na kijumba cha mfanyakazi kilichonizidi hadhi. Ajenti akanisalimia haraka, kisha akaanza kuchungulia nyuma yangu.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Aah. Tulidhani ni mzungu."

Bei iliporomoka palepale, ila iliporomoka pamoja na nyumba. Kesho yake nilikuwa Langas ndani ya bedsita ambayo mtu aliyekaa chooni anaweza kugeuza chapati jikoni bila kuinuka. Mwenyewe akaiita "ya kisasa". Ajenti mwingine, aliposikia neno Pwani, akanipeleka ghorofa ya nne kunionyesha roshani yenye "upepo kama wa kwenu". Mwezi wa Julai! Huku ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nimevaa soksi jozi mbili, na bado mtu ananiuzia upepo.

Halafu kuna suala la umbali. Kila nyumba ni "dakika tano tu kutoka tauni". Nilitembea dakika arobaini kutoka Kapsoya, roho mkononi, ndipo nikaelewa: dakika hizo ni za wakimbiaji. Wapimaji wa viwanja hapa nadhani walitumia saa ya mashindano.

Kwetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, au mwaka mzima, kwa mkupuo, na dalali anakata ya kwake ya mwezi mmoja. Nilipoambiwa hapa watu hulipa mwezi kwa mwezi nikataka kucheza. Muziki ukazimwa na dipoziti. Dipoziti ya nyumba, ya maji, ya stima, na katika ploti moja dipoziti ya rangi, ili siku nikihama kuta zipakwe upya, ilhali zenyewe hazijawahi kupakwa. Na kabla ya yote, pesa ya kuona nyumba. Nimelipia kutazama kuta ambazo fundi wake mwenyewe angepita akiangalia chini.

Kiswahili changu nacho kimesifiwa mji mzima. "Shikamoo, mama," nilimwambia landilodi mmoja wa Annex. Akajibu, "Poa." Tukazungumza vizuri sana, akaita na majirani waje wanisikilize, akasema nikiongea ni kama redio. Nikamwomba apunguze elfu mbili. Akasema redio haipunguzi kodi. Tena, Agosti 15, 2024 Eldoret ilitangazwa kuwa jiji, kwa hiyo bomba lake linalovuja sasa linavuja kwa hadhi ya jiji, na bei ikapanda kulingana na cheo.

Hatimaye nimepata, Kapsoya hiyo hiyo. Mwenye nyumba ni mkimbiaji mstaafu, jambo la kawaida hapa: medali za wengi ziligeuka matofali. Moses Kiptanui, mtu wa kwanza kumaliza mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika nane, Zurich mwaka 1995, ana jina katika biashara za mji huu. Wangu hakufika huko, lakini kasi anayo. Miji mingine mpangaji mwenye deni huhama usiku. Hapa uhamie wapi? Tarehe tano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, anapita na mazoezi yake, anagonga mlango, na kunidai huku anakimbia papo hapo asipoe mwili.

"Mtanzania! Ya mwezi?"

Namlipa kwa simu nikiwa ndani ya blanketi. Juzi baada ya kupokea ujumbe hakuondoka. Aliniuliza kama kazini kwetu hakuna mzungu anayetafuta nyumba, maana hii yangu, anavyoona yeye, ingemfaa sana.