Muulize Bi Mkubwa wa Mkomani

*Bi Mkubwa, jirani yangu ametia mashua yake injini mpya. Tangu siku hiyo silali. Mke wangu asema nina wivu. — Nahodha, Matondoni*

Mkeo amekupendelea. Wivu huonewa kilicho chako: mume, mke, hata rafiki anayeanza kukuhama. Mashua ya jirani imekuwa yako lini? Hicho ni kijicho, bwana. Najua vijana siku hizi huyaita yote wivu, lakini wewe una umri wa kujua ugonjwa wako. Tena jichunguze zaidi. Ukitamani nawe upate injini kama ile, pona yako i karibu: kavue, uuze, ununue. Ila ukikesha ukiomba mwenzio akwame mlango wa Mkanda maji yakipwa, na abiria wa Faza wamejaa ndani, umeshavuka kijicho. Hiyo ni husuda, na dawa yake iko msikitini, si kwangu.

*Mimi ni wa Pate, naposa Amu. Baba wa msichana alinifokea Mkunguni mbele ya wacheza bao. Je, hasira zake zitaisha? — Mposaji*

Zimeshaisha. Kufoka kule ni hamaki, hupanda na kushuka kabla kahawa haijapoa. Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu, na kwao lina maana ya upumbavu, basi usimjibu mwenye nayo. Wewe ogopa kinyongo, maana hakifoki. Watu wa Pate walishuka Shela mwaka 1812 hivi wakiwa na Wamazrui wa Mombasa, wakapigwa vibaya na watu wa Amu, na wako wazee hapa wanaovihadithia vita vile kama vya Ijumaa iliyopita. Siku mkweo atakapokuamkia kwa upole usiouzoea, tuma wazee wako upesi.

*Nimeanguka kwenye punda mbele ya watalii. Naona haya kutoka nje. — Binti, Shela*

Haya hutangulia jambo, mwanangu. Ungekuwa nayo usingempanda punda simu iko mkononi. Uliyoyapata ni aibu, na picha zikienea Watsap itakuwa fedheha. Mwana Kupona alimuusia bintiye mengi katika utenzi wake wa mwaka 1858, hili akaliacha.

Wengine leteni barua, nitazijibu. Ila anayeandika “najisikia vibaya” bila zaidi, barua yake nitamrudishia na mchukuzi yuyo huyo.