Helikopta na Upepo wa Kusi

Kijana wa dukani Darajani alinionya, nami nikamwona ananidharau. "Mzee, kama ndiyo kwanza unaanza, chukua hii yenye feni mbili zilizopandana. Moja inazunguka huku, nyengine kule, basi mwili wake unatulia." Kidude chenyewe urefu wa kiganja, rangi ya zambarau. Mimi, babu mwenye wajukuu watatu Muscat, nirushe zambarau? Nikachukua ile kubwa nyeusi, feni moja juu na kijifeni mkiani, kama ya jeshi. Nikapanda gari la Makunduchi nimeipakata kama mtoto mchanga.

Ilikuwa Julai. Mwaka Kogwa umeisha, watu wameshachapana migomba wakasameheana, lakini kusi halikumsamehe mtu. Nikaenda uwanjani hivyo hivyo. Ikapanda mpaka usawa wa mpapai, ikainamisha pua, ikaondoka. Sisemi iliruka; iliondoka, kama mtu aliyeitwa Jambiani. Tukaiokota maweni, mapanga yote mawili ya feni yamekatika.

Jirani yangu, ambaye hajawahi kurusha hata tiara, akaanza: "Mbona mwaka 2016 vijana wa chuo kikuu cha SUZA walirusha ndege zisizo na rubani, wakaipiga picha Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani?" Zile zina mabawa, bwana, zinaelea! Helikopta ukipitiwa kidogo tu, iko chini. Na wale walifundishwa. Mimi mwalimu wangu ni karatasi ya Kichina.

Nikarudi Darajani kichwa chini, nikanunua zambarau. Siku upepo ulipotulia, saa nne asubuhi, nikatoka nayo uani. Nabonyeza, haisikii. Nasogea, haisikii. Kumbe rimoti yake ni ya mwanga usioonekana, kama ya televisheni, na jua likiwaka inakuwa kiziwi. Zipo zinazotumia redio, haziogopi jua, lakini kwa bei zake, nyumbani kwangu kungeitishwa kikao.

Basi narusha usiku, ukumbini. Nachaji karibu saa nzima, narusha dakika saba. Na sharti nikae nyuma yake, kwa sababu ikinigeukia uso, kulia kunakuwa kushoto, na kichwa changu hakijawahi kuwahi mageuzi hayo. Juzi ikanigeukia. Bi mkubwa alikuwa mkekani anasuka ukili wake. Ikamshukia kwenye chane za ukindu, ikajizongazonga mpaka feni zote mbili zikakwama, huku taa yake inawaka na kuzima.

Hakusema neno. Akavuta kisu. Nilidhani anakata ukindu.

Ile nyeusi bado iko juu ya kabati, sanduku lake zima, rimoti yake nzima. Inauzwa. Anayeitaka aje na mapanga yake mawili.