Ushauri kwa Wachoraji: Kundi Linalosambaratika Likihamishwa

Msomaji wa Rubafu, ambaye ni mchoraji wa ramani za nyumba kwa kompyuta, analalamika kwamba katika mchoro wa kibanja, yaani makazi ya Kihaya ambamo nyumba huzungukwa na migomba iliyochanganywa na mibuni, aliunganisha msonge, jiko na uzio kuwa kundi moja, lakini alipolinakili kundi hilo katika mchoro wa mteja mwingine kila kitu kilishuka kivyake, na sasa anauliza kama kazi yake imerogwa.

Haikurogwa. Katika programu ya AutoCAD, kundi linaloundwa kwa amri ya GROUP ni makubaliano tu ya vitu kuchaguliwa kwa pamoja, na makubaliano hayo ni mali ya mchoro yalimofanyika. Hata ndani ya mchoro huohuo nakala ya kundi hairithi jina la kundi mama, sembuse ikivuka mpaka. Bloku, kinyume chake, ni fasili yenye jina na nukta ya kushikia, ambayo mchoro huitunza mara moja na kuionyesha kila inapotajwa. Kundi ni chane za ndizi zilizofungwa kwa kamba, ilhali bloku ni mkungu ambao haujakatwa.

Kwa hiyo inampasa mlalamikaji augeuze mji wake wote kuwa bloku kwa amri ya BLOCK kabla ya safari, kisha anakili kwa COPYBASE, amri inayomtaka achague mwenyewe nukta ya kushikia. Mvivu anaweza kubandika kwa PASTEBLOCK, inayofanya vyote kuwa bloku moja, ila programu huibatiza bloku hiyo jina linaloanza na A$C na mkururo wa herufi na tarakimu, jina ambalo baada ya wiki hata mwenye mchoro halitambui.

Msomaji wa Muleba anaeleza kwa uchungu kwamba nyumba yake yenye upande wa mita 9 ilipobandikwa ilifunika kijiji na kuingia ziwani. Nyumba ilichorwa kwa milimita na ramani ya kiwanja kwa mita, na kwa kuwa hakuna mchoro uliotamkiwa kipimo chake, vizio 9,000 vilisomwa kuwa kilomita 9. Tiba ni kigezo cha INSUNITS, kinachowekwa 4 kwa milimita na 6 kwa mita, katika michoro yote miwili.

Wa Bukoba mjini ametumia PASTEORIG, inayobandika kitu katika majiranukta yake ya asili, na nyumba imetoweka. Ramani za upimaji za huko hufuata mfumo wa majiranukta wa UTM, kanda ya 36 kusini, ambamo Bukoba huangukia zaidi ya mita milioni 9.8 kwenye mhimili wa kaskazini; nyumba iliyochorwa kwenye sifuri imejengwa jirani na ncha ya kusini ya dunia, ambako migomba haioti. PASTEORIG iachiwe michoro inayotumia majiranukta ya aina moja.

Kuhusu msomaji mwingine ambaye msonge wake umegeuka choo ulipobandikwa, mchoro mwenyeji ulikwishakuwa na bloku yenye jina hilohilo, na katika mgongano huo fasili ya mwenyeji ndiyo hushinda. Abadili jina kwa RENAME kabla ya kunakili.

Barua zisizotaja kipimo cha mchoro hazitajibiwa.