Mahema ya Kulipia

Huko jangwani Nevada, Marekani, watu hulipa dola mia kadhaa ili walale hemani: Burning Man, sherehe ya vumbi na jua kali. Mgeni hutetemeka, juma zima ataishije? Septemba 2023 mvua ikanyesha, watu kama 70,000 wakakwama topeni, wakaambiwa wabane maji na chakula. Dunia ikashika kichwa. Maskini!

Bwana mgeni, pitia kwetu Bunia, mashariki mwa Kongo (DRC), kwanza. Pale kambi ya Kigonze wamo waliokimbia vita eneo jirani la Djugu, mabingwa wa turubai, matope na kupima unga, na kiingilio hawakulipa. Watakufundisha bure. Ila usiwaulize sherehe yao inaisha lini: vita vilirudi Djugu Desemba 2017.