Mheshimiwa, Niruhusu Kutojua

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Madai,
Kampuni ya Bima (jina nimelisitiri kwa heshima),
Nairobi.

MINT: TARAKIMU TISA

Nakuamkua kwa unyenyekevu kutoka Karatina, ambako baridi ya gathano imetanda na Mlima Kenya umejifunika ukungu tangu Jumatatu. Uniwie radhi kwa mwandiko. Vidole vimekufa ganzi.

Fomu yetu imerudi mara ya tatu ikiwa na muhuri wako mwekundu, unaopendeza sana: "Chanzo hakijatajwa." Mgonjwa ni mtoto wa miaka 6. Mamake, muuza viazi sokoni, alimshika kichwa, nami nikaukandamiza ulimi na kumulika tochi. Mafindofindo yalikuwa mekundu, yana vidoa vyeupe, yamevimba hadi yanakaribia kugusana. Homa ilikuwapo. Lakini alikohoa pia na kutokwa na kamasi, dalili zinazoelekeza kwenye virusi kuliko bakteria. Kipimo cha haraka cha streptokoka kilikuwa kimetuishia, na kuotesha vijidudu maabara huchukua siku moja au mbili.

Basi nikaandika J03.9: mafindofindo makali, chanzo hakijabainika. Tisa hiyo, Mheshimiwa, sikuibuni mimi. Iko katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, kando ya J03.0 ya streptokoka na J03.8 ya vijidudu vingine vinavyojulikana. Waliotunga orodha hiyo walijua ziko siku tabibu atachungulia koo na asipate jibu.

Karani wako, kijana mwenye adabu, alininong'oneza kwa simu: "Daktari, weka sifuri tu, italipwa." Namshukuru. Ila sifuri haiendi peke yake. Huandamana na penisilini ya siku 10, kwa mtoto ambaye pengine hakuihitaji. Na atakayehesabu streptokoka huku kwetu mwisho wa mwaka atakuta mlipuko uliozukia kwenye fomu. Bakteria huyo asipotibiwa anaweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo. Akija kweli, tutamtambuaje katika msongamano wa sifuri za uongo?

Usidhani nilizembea. Nilimpa dawa ya homa, nikamwambia mamake amrudishe siku ya tatu asipopata nafuu. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado huukinga moyo. Tulikuwa na muda wa kungoja.

Sikuombi uongeze hata shilingi. Naomba tu, kwa idhini yako, kwamba "sijui" ya kweli isilipiwe kidogo kuliko "najua" ya kubuni.

Mtoto alipona siku ya nne, akarudi shuleni. Hakuuliza ni kijidudu gani, wala mamake hakuuliza. Umebaki wewe tu, Mheshimiwa.

Fomu naiambatisha kwa mara ya nne, na tisa yake.

Ndimi mtiifu wako,
Tabibu wa zahanati, Karatina