Sifa za Mdemokrati wa Oklahoma

Waswahili hubana sifa kwa kuwa wanajua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata hivyo yupo mtu anayeweza kusifiwa kutwa kucha bila hatari yoyote, maana hilo tembo lenyewe hana. Ni mpiga kura wa mrengo wa kushoto anayeishi katika jimbo la wahafidhina nchini Marekani. Anataka kila mtu awe na bima ya afya, kima cha chini cha mshahara kipande, bunduki zidhibitiwe, na Novemba ikifika anashindwa. Msimu wa kura za mchujo, vyama vinapoteua wagombea wao, ndio sikukuu yake. Basi na asifiwe kwa utaratibu: kwanza nasaba, kisha fadhila, mwisho matendo.

Nasaba yake ni ya kale. Majimbo ya Idaho, Utah, Wyoming, Kansas, Oklahoma, North Dakota na South Dakota yalimpa ushindi mgombea urais wa Democratic kwa mara ya mwisho mwaka 1964, Lyndon Johnson alipombwaga Barry Goldwater. Kijana aliyempigia Johnson kura mwaka ule leo ni mzee wa miaka zaidi ya 80. Makao makuu ya ukoo huu ni Oklahoma. Jimbo hilo lina kaunti 77, na tangu mwaka 2004 kila mgombea urais wa Republican amezizoa zote 77, asibakize hata moja ya kumwonjesha mgeni. Kule Texas hakuna Mdemokrati aliyeshinda kiti cha jimbo zima tangu mwaka 1994. Wapo wapiga kura watu wazima, wenye kazi, nyumba na watoto, ambao habari za gavana Mdemokrati wanazisikia kwa wazazi wao tu.

Fadhila ya kwanza ni utulivu. Mwenzake wa Pennsylvania au Wisconsin hana raha: simu inaita tangu asubuhi, matangazo ya televisheni yanamkatiza katikati ya mpira, vijana wa kampeni wanambishia mlango wakati wa chakula. Huyu wa Oklahoma anakula kwa amani. Karibu majimbo yote ya Marekani humpa mshindi wa urais kura zote za wajumbe wa jimbo, hata akishinda kwa kura moja, kwa hiyo hakuna mwenye haja ya kumbembeleza anayejulikana atashindwa. Mwaka 2020 Joe Biden alipata Texas kura zaidi ya milioni 5.2, takriban idadi ile ile aliyoipata New York. New York ikamzalishia wajumbe 29. Texas haikumpa hata mmoja. Wote 38 walikwenda kwa Donald Trump. Kutoa kura milioni tano na ushei bila kudai hata risiti ni upole usioonekana mara nyingi katika siasa.

Fadhila ya pili ni uhuru wa kuchagua. Pale ambapo chama hakina matumaini, wanasiasa wenye majina hujiweka mbali na uwanja unabaki wazi kwa yeyote mwenye ada ya fomu. Mwaka 2010, South Carolina, askari wa zamani asiye na kazi aitwaye Alvin Greene alilipa dola 10,440 akagombea useneta kwa tiketi ya Democratic. Hakubandika mabango, hakuitisha mkutano, hakuwa na tovuti. Mpinzani wake, Vic Rawl, alikuwa amewahi kuwa jaji na mbunge wa jimbo. Greene alimshinda kwa asilimia 59. Viongozi wa chama walimsihi ajiondoe. Akakataa, akaenda kushindwa Novemba kwa ridhaa yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye Wademokrati wa Tennessee walimteua Mark Clayton agombee useneta. Jina lake lilitangulia kwenye karatasi kwa mpangilio wa alfabeti. Chama kikagundua kwamba misimamo yake haifanani kabisa na ya chama, kikamkana hadharani.

West Virginia ilizipita zote mbili. Mwaka 2012, katika mchujo wa Democratic, mfungwa aliyekuwa akitumikia kifungo katika gereza la shirikisho huko Texas alijiandikisha kugombea dhidi ya Barack Obama, rais aliyekuwa madarakani. Alipata asilimia 41.

Ya tatu ni ukarimu, ingawa mara nyingi fedha hutoka kwa ndugu zake wa majimbo mengine. Mwaka 2020 Amy McGrath alikusanya zaidi ya dola milioni 90 ili amng'oe Mitch McConnell kule Kentucky, akashindwa kwa karibu pointi 20. Mwaka huo huo Jaime Harrison alikusanya takriban dola milioni 130 kumkabili Lindsey Graham huko South Carolina, akashindwa kwa pointi 10. Watengeneza matangazo walinawiri. Aliyeumia kidogo ni mwanamageuzi wa Kentucky, ambaye mgombea wake wa moyoni hakuwa McGrath. Alikuwa Charles Booker, mbunge wa jimbo kutoka Louisville, mji ambao wakimbizi wa Kongo wamehamia wakafanya Kiswahili kisikike madukani na shuleni. Booker aliukosa ushindi wa mchujo kwa chini ya pointi tatu. Mwaka 2022 akaupata mchujo, na Novemba akaangushwa na Rand Paul kwa zaidi ya pointi 20. Usawa umezingatiwa: mwenye fedha na asiye nazo wote walifikishwa mahali pamoja.

Sasa matendo. Msomaji wa Siaya au Nyeri hatahitaji maelezo marefu: pale ambapo chama kimoja kimeshika kila kitu, mchujo wa chama hicho ndio uchaguzi wenyewe, na mwenye tiketi amekwisha kupata kiti. Wyoming ni vivyo hivyo, na Mississippi, na Idaho. Basi mwanamageuzi wa huko kila msimu wa mchujo huwa na njia mbili. Aweza kubaki kwao, achague kati ya Wademokrati watakaoshindwa. Au aweza kuvuka, aombe karatasi ya Republican, na kumsaidia mhafidhina mmoja amzuie mhafidhina mwingine anayemtisha zaidi.

Kuvuka huku ndiko kunakodhihirisha ukuu wake. Juni 2014, Mississippi, Seneta Thad Cochran, aliyechaguliwa kuwa seneta mara ya kwanza mwaka 1978, alitanguliwa kidogo na Chris McDaniel, kipenzi cha wahafidhina wenye msimamo mkali, na ikabidi warudiane. Watu wa Cochran wakawaendea Wamarekani weusi, wengi wao Wademokrati. Mississippi haiandikishi wapiga kura kwa chama, kwa hiyo yeyote ambaye hakupiga kura kwenye mchujo wa Democratic aliruhusiwa kushiriki marudio yale. Walijitokeza, na Cochran akapenya kwa kura zaidi ya 7,000. McDaniel alikwenda mahakamani akashindwa huko pia. Na zawadi ya waliovuka? Seneta mhafidhina waliyekuwa naye tangu zamani. Alipojiuzulu mwaka 2018, gavana akamteua mhafidhina mwingine.

Wyoming walionyesha moyo mkubwa zaidi. Agosti 2022 Liz Cheney alikuwa akipigania kiti chake baada ya kumpinga Trump kuhusu uvamizi wa Bunge la Marekani. Cheney hakuwa na chembe ya mrengo wa kushoto. Ni binti wa Dick Cheney, makamu wa rais ambaye Wademokrati walimlaani kwa miaka kwa ajili ya vita vya Iraq. Wyoming wakati huo iliruhusu mtu kubadili chama siku ile ile ya kura. Watu waliowahi kubeba mabango ya kumlaani baba wakapanga foleni, wakajiandikisha kuwa Warepublican, wakampigia kura binti. Cheney akaambulia asilimia 29 hivi. Harriet Hageman alipata takriban theluthi mbili.

Mtu wa haraka atasema hao walipoteza muda wao. Lakini litazame bunge la Wyoming lilifanya nini. Malalamiko yalikuwa yameanza mwaka 2018, Foster Friess, aliyeungwa mkono na Trump, aliposhindwa na Mark Gordon katika mchujo wa ugavana na lawama zikaangukia Wademokrati waliovuka. Miswada ya kuzuia kuhama chama ikaletwa, ikakwama, ikaletwa tena. Mwaka 2023 mmoja ukapita: sasa huwezi kubadili chama tangu wagombea wanapoanza kuchukua fomu mwezi Mei hadi mchujo uishe. Gavana Gordon, yule yule aliyesemekana kunufaika, aliuacha uwe sheria bila kuutia saini. Utah walikuwa wametangulia. Mwaka 2020 Wademokrati wengi walijiandikisha Republican ili wapate sauti katika kinyang'anyiro cha ugavana kati ya Spencer Cox na Jon Huntsman, na Cox akashinda kwa tofauti ndogo. Mwaka uliofuata bunge likaamua kwamba katika mwaka wa uchaguzi anayebadili chama baada ya tarehe 31 Machi hatapata karatasi ya chama kipya mpaka mchujo upite.

Hakuna bunge linalojisumbua kutunga sheria dhidi ya kura zisizo na kazi. Kwa miaka mingi mtu huyu ameambiwa na jirani, na shemeji, hata na chama chake mwenyewe, kwamba kura yake ni bure. Heshima kubwa kuliko zote amepewa na mahasimu wake, kwa vifungu vya sheria na tarehe za mwisho.

Nyumbani kwake nako hakukosa siku za kung'ara. Februari 2008 Wademokrati wa Idaho walikutana kwenye vikao vyao vya kumteua mgombea urais, wakampa Obama, mtoto wa Mjaluo wa Kogelo, karibu asilimia 80. Wajumbe wa chama hugawanywa kwa uwiano wa kura, kwa hiyo kishindo kile kilimpa ziada ya wajumbe 12. Usiku ule ule Hillary Clinton alishinda New Jersey, yenye watu wengi kuliko Idaho mara kadhaa, akapata ziada ya 11. Novemba Idaho ikampa John McCain asilimia 61, lakini kazi ilikuwa imekwisha fanyika. Machi 2016 Oklahoma yenyewe, ile ya kaunti 77, ilimpa Bernie Sanders ushindi wa takriban asilimia 52 dhidi ya Clinton. Wanamageuzi wa Tulsa na Norman walilala wakiwa washindi, jambo ambalo wengine hawakulijua namna ya kulishughulikia.

Ila sifa za kweli hazifichi kasoro. Februari 2020 wapiga kura wa Democratic wa South Carolina, wengi wao watu weusi, walimfufua Biden aliyekuwa ameanguka Iowa, New Hampshire na Nevada, wakampa karibu nusu ya kura zote. Mwenye mrengo wa kushoto wa huko alikuwa na Sanders. Kwa hiyo alishindwa na chama chake Februari, kisha Novemba, jimboni mwake, akashindwa pamoja nacho.

Na kuna Kansas. Wahafidhina wa bunge la jimbo hilo walitaka kufuta kinga ya haki ya kutoa mimba ambayo Mahakama Kuu ya Kansas iliitambua mwaka 2019 katika katiba ya jimbo. Kura ya maoni wakaipanga tarehe 2 Agosti 2022, siku ya mchujo. Agosti Kansas ni joto kali, na kwa kawaida mchujo huo ni shughuli ya Warepublican; upande wa Democratic wagombea wengi hupita bila kupingwa, na wasio na chama hawana cha kufuata kituoni. Safari hii hata wasio na chama waliruhusiwa kujibu swali lile moja. Watu zaidi ya 900,000 walijitokeza, na asilimia 59 wakasema hapana. Katika idadi hiyo walikuwamo Warepublican wengi, maana Wademokrati peke yao wasingefika huko. Mwanamageuzi wa Kansas akajikuta yumo katika walio wengi, akiwa na jirani yule yule mwenye bango la Trump uani.

Anayetaka kujiunga na daraja hili tukufu ajue masharti yanatofautiana. Kentucky lazima aamue chama chake kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia, wakati wagombea wengine hata hawajachukua fomu. Utah nako kuna tarehe yake ya mwisho, na Wyoming aamke kabla ya Mei. Texas ni rahisi zaidi, kwani hakuna kujiandikisha chama. Mwezi Machi anaingia kituoni, pengine ukumbi wa shule au maktaba, anatoa kitambulisho, na karani, ambaye katika kaunti ndogo huenda wanasali kanisa moja, anamuuliza anataka karatasi ya chama gani. Jibu analitoa kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Sheria inaelekeza kadi yake igongwe muhuri wa chama alichokitaja, au apewe hati inayosema hivyo. Akisema Republican ili amzuie fulani, basi duru ya pili ya Mei ni ya Republican, na kwa hesabu ya jimbo yeye ni Mrepublican halali hadi tarehe 31 Desemba, hata kama gari lake lililoegeshwa nje lina stika tatu za Sanders. Tarehe 1 Januari anaamka hana chama, na anaanza kuulizia mwaka huu nani anagombea wapi.